Kumfundisha mtu mzima baiskeli Dar

Jumapili asubuhi Sinza barabara zinakuwa tupu kidogo, ndo muda nnaomfundishia dada mmoja, ana miaka 41 na hajawahi kupanda baiskeli maishani. Tulianza kwa kushusha siti mpaka miguu yote ikakanyaga chini, tukatoa pedali kabisa, akawa anajisukuma tu kwa miguu mpaka balansi ikakaa, pedali tukarudisha baadae.

Kazi kubwa ni barabarani. Watu wazima wanaogopa magari basi wanajibana pembeni kabisa kwenye mchanga na mashimo, na hapo ndo unapoanguka! Namwambia kaa kushoto ndio ila acha nafasi, na daladala ikisimama kituoni usipite kushoto kwake, konda anafungua mlango na abiria wanashuka hawaangalii. Ukitaka kukata kulia geuza kichwa uangalie nyuma kwanza, halafu toa mkono. Jana kageuka kuangalia, usukani ukamfuata akaingia katikati ya barabara, bodaboda ikampita hivi hivi, moyo ulinipasuka jamani. Tumerudi uwanjani, anageuza kichwa tu, mara ishirini, mpaka mikono itulie.