Kanuni mchana, gemu usiku

Watu wanaposikia kwamba ninafundisha muziki hapa Mji Mkongwe, hudhani kwamba nyumbani kwangu husikilizwa taarabu peke yake. Kweli ndiyo niipendayo zaidi, hasa ile ya zamani: sauti ya Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi santuri Bombay mwaka 1928, hunifanya niache kazi zote, ingawa mikwaruzo imemeza baadhi ya maneno. Kisha huichukua kanuni yangu, ala ya nyuzi nyingi, na kuzikaza nyuzi tatu tatu kwa ufunguo mdogo, kwani unyevu wa masika hulegeza ngozi inayobeba daraja la nyuzi, na nyuzi tatu za noti moja zisipokubaliana hutoa mtetemo unaoudhi hata sikio lisilofundishwa.

Usiku, baada ya sala ya Isha, hucheza gemu na mdogo wangu. Ya mpira hunifunga kila mara (sina vidole vya kazi hiyo), lakini mimi hufuata muziki. Koji Kondo alipotunga muziki wa Super Mario Bros., gemu iliyotoka Japani mwaka 1985, mashine ilikuwa na njia chache mno za sauti, na mojawapo ilitoa kelele tupu, ambayo aliigeuza kuwa mdundo. Jambo hilo nimelifanya zoezi la darasani: wanafunzi watunge kwa sauti tatu na mdundo mmoja tu. Wapigaji dumbaki wamefurahi. Wa fidla bado wananinung'unikia.