Nilivyoihamishia programu ya mwaka 1997 kwenye Windows 11

Programu ninayoizungumzia ni ya kuorodhesha vitabu. Ilitoka mwaka 1997, ikauzwa kwa CD, na kampuni iliyoitengeneza ilishafunga zamani: tovuti haipo, wa kumuuliza hayupo. Nilianza kuitumia kwenye Windows 98, nikahama nayo hadi XP, na hapo ikakaa. Zipo nyingi mpya za kazi hiyo, tena nzuri kwa macho, ila sikupata hata moja inayoniachia kuandika maelezo marefu chini ya kila kitabu na kuyasaka kwa neno lolote bila intaneti. Kompyuta ya XP ilipoanza kuwaka kwa kubembelezwa, nikaona heri niihamishe mapema.

Kabla ya lolote, nilinakili folda nzima ya data kwenye diski ya nje. Programu ikipotea unaweza kuishi. Maelezo ya miaka yakipotea ndiyo basi.

Nikaweka CD, nikabofya kisakinishi. Windows 11 ikajibu kwamba programu hii haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta hii, na haikuongeza neno. Ushauri utakaoukuta kila mahali ni kufungua sifa za faili na kuwasha hali ya upatanifu ya Windows 95 au XP. Hali hiyo ina kazi yake, na nitaigusa mbele, lakini kwa ujumbe huu haikusaidii chochote hata ukichagua matoleo yote yaliyoorodheshwa.

Sababu ni hii. Programu za enzi ya Windows 3.1 zilikuwa za biti 16 (biti hapa ni kipimo cha ukubwa wa namba ambazo kompyuta huzishughulikia kwa mkupuo). Windows 95 ilipoleta biti 32, watengenezaji wengi walihamisha programu zao, ila kisakinishi wakakiacha kwenye biti 16, ili hata mwenye Windows 3.1 akiweka CD apate angalau ujumbe wa kueleweka. Windows za biti 32 za ukoo wa NT, kama XP, ziliendelea kuendesha vitu vya biti 16 kupitia sehemu iitwayo NTVDM. Windows ya biti 64 haina sehemu hiyo, na Windows 11 haikutolewa kwa biti 32 kabisa. Kuna visakinishi vichache vya zamani ambavyo Windows ya biti 64 huvitambua na kuvibadilishia injini kimyakimya. Changu hakikuwamo.

Kwa hiyo swali la kwanza si “nitaifanyaje ikubali” bali “ni kipi hasa kinachokataa”. Jibu unaweza kulipata kwa Notepad tu. Fungua faili yoyote ya .exe humo, usihifadhi chochote, utazame mwanzo wake. Utaona takataka ya alama, lakini herufi mbili za kwanza zinasomeka: MZ, kifupi cha jina la Mark Zbikowski, mhandisi wa Microsoft wa enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows. Shuka kidogo utakuta sentensi fupi ya Kiingereza inayosema kwamba programu inahitaji Windows au haiendeshwi ndani ya DOS. Baada yake tafuta herufi mbili nyingine. Ukikuta NE, faili hiyo ni ya biti 16, na hakuna mipangilio ya Windows 11 itakayoifungua. Ukikuta PE, kisha uwazi mdogo, kisha L, ni ya biti 32. PE yenye d ndogo mbele yake ni ya biti 64.

Kisakinishi changu kilikuwa NE. Nikachukua faili ya programu yenyewe kutoka kompyuta ya XP: PE, L. Mlinzi wa mlango ndiye aliyezeeka. Mwenye nyumba bado ana nguvu zake. Kazi iliyobaki ilikuwa kupita bila mlinzi.

Kunakili folda peke yake hakukutosha. Programu ilifunguka, ikaonyesha nembo yake, kisha ikasema imeshindwa kuanzisha injini ya hifadhidata. Injini hiyo ni BDE (Borland Database Engine), iliyotumiwa na programu nyingi sana za miaka ya 1990 zilizoandikwa kwa Delphi, zana ya kutengenezea programu. Huwa inawekwa pembeni, nje ya folda ya programu, na ina funguo zake kwenye rejista, ghala ambamo Windows huweka mipangilio. Bila funguo hizo programu haijui injini iko wapi.

Ili kujua kisakinishi kilikuwa kinaweka nini na wapi, nilitengeneza mashine pepe ya VirtualBox (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta halisi), nikaweka XP safi ndani yake, nikatoa orodha ya rejista, nikasakinisha programu, nikatoa orodha tena na kulinganisha. Tofauti ndiyo kazi nzima ya kisakinishi. Mtandao wa mashine hiyo niliuzima tangu mwanzo, maana XP iliacha kupata viraka vya usalama tarehe 8 Aprili 2014.

Hapa wengi wangetua: programu inafanya kazi ndani ya mashine pepe, basi. Kwa programu ya kufungua mara moja kwa mwaka ningefanya hivyo hivyo, na kama ni ya DOS ningetumia DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS, bila kufikiri mara mbili. Ila hii naifungua kila siku, nataka kunakili maneno kutoka humo hadi kwenye barua ninayoandika, na kusubiri mfumo wa pili uwake kila mara kunachosha.

Niliitoa BDE kwenye mashine pepe nikaiweka C:\BDE, na programu nikaiweka C:\Orodha. Sikuziweka ndani ya Program Files kwa makusudi. Programu za zamani huandika data na mipangilio kwenye folda zao wenyewe, na tangu Windows Vista programu ya namna hiyo ikijaribu kuandika ndani ya Program Files, maandishi yake huhamishiwa kimya kwenye folda iliyofichwa iitwayo VirtualStore. Unadhani umehifadhi hapa, kumbe iko kule, na nakala rudufu yako haina kitu.

Kisha funguo za rejista. Faili ya .reg niliyoitoa XP niliirekebisha kwa Notepad ili njia zielekee C:\BDE. Ndani ya njia hizo kila mkwaju wa nyuma huandikwa mara mbili, hivyo inakuwa C:\\BDE. Na usiiingize kwa kuibofya mara mbili. Ukibofya, funguo zinaingia upande wa biti 64 wa rejista, ambako programu ya biti 32 haichunguzi. Fungua regedit iliyomo ndani ya C:\Windows\SysWOW64, uingize faili kupitia hiyo, nayo itaziweka chini ya WOW6432Node zinapotakiwa. Ndiyo, SysWOW64 ndiyo folda ya mambo ya biti 32, na System32 ndiyo ya biti 64. Nimeshazoea.

Injini ikawaka, ikagoma hatua ya pili: haina ruhusa ya kuandika faili ya PDOXUSRS.NET. Hii ni faili ambayo BDE huitumia kuratibu watumiaji wa majedwali, na kwa kawaida huiweka kwenye mzizi wa diski C, mahali ambapo siku hizi mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuunda faili. Wapo wanaoendesha programu nzima kwa mamlaka ya msimamizi ili kuikwepa shida hii. Sipendi. BDE ina chombo chake cha mipangilio, bdeadmin.exe, nilikifungua hicho tu kama msimamizi, nikaenda kwenye kiendeshi cha Paradox (aina ya majedwali ya BDE), nikabadilisha NET DIR, yaani folda ya faili hiyo, kutoka C:\ kuwa C:\Orodha\Net, nikahifadhi. Baada ya hapo programu yenyewe haikuhitaji mamlaka yoyote ya ziada.

Kasoro iliyonikuna kichwa kuliko zote ilijitokeza baadaye, na si kila siku: programu ilidai diski imejaa wakati nafasi tele ilikuwepo. Ningewasha siku inayofuata, inafanya kazi. Kumbe BDE huihesabu nafasi iliyobaki kwa namba ya biti 32, na namba hiyo ikifika GB 4 inarudi sifuri. Nafasi iliyobaki ikiwa, kwa mfano, GB 40 na kidogo tu juu yake, injini inaiona ile “kidogo tu” na kusema hakuna mahali pa kuandika. Futa au ongeza faili chache, tatizo linatoweka lenyewe, ndiyo maana ni gumu kulinasa. Niliandika hati fupi ya PowerShell (lugha ya amri ya Windows) inayopima nafasi kwanza. Ikikuta imezidi kizidisho cha GB 4 kwa kiasi kidogo mno, inaunda faili ya kujazia ya megabaiti mia kadhaa ili kuisogeza namba, ndipo inaifungua programu. Njia ya mkato wa kienyeji, lakini tangu hapo sijauona tena ujumbe ule.

Mengine yalikuwa madogo. Maandishi yalikuwa madogo mno kwenye skrini mpya, na hapo ndipo sifa za upatanifu zilipofaa: kwenye mipangilio ya DPI nyingi (ya skrini zenye nukta nyingi) nilichagua mfumo ndio ukuze dirisha, kwa ile chaguo iliyoboreshwa, na herufi zikawa safi. Msaada wa programu ni faili ya .hlp ya mtindo wa zamani ambayo Windows 11 haiisomi. Niliifungua ndani ya XP, nikanakili kurasa ninazozihitaji kwenye faili ya maandishi.

Mwisho nilitoa orodha yote kama CSV (maandishi yaliyotenganishwa kwa koma), nikaifungua kwa LibreOffice Calc na kuchagua usimbaji wa Windows-1252 ili herufi zenye alama zisiharibike. Naitoa upya kila mwisho wa mwezi. Mashine pepe ya XP nayo nimeihifadhi kama faili ya .ova kwenye diski ya nje, pamoja na picha ya ile CD, faili ya .reg na karatasi ya hatua hizi. Kilichobaki bila dawa ni kuchapa lebo: programu hupanga ukurasa kwa vipimo vya printa isiyokuwepo tena, kwa hiyo lebo nazitengeneza kwenye Calc.