Nyuzi 15 za Taimingi

Jumapili tatu mfululizo mpwa wangu alinishinda kwenye uwanja wa saruji tunaokimbizia magari yetu ya rimoti hapa Kampala, na mara zote tatu mota zetu zilikuwa za aina moja: zisizo na brashi, zenye sensa, zilizosukwa kwa mizunguko 17.5 ya waya. Betri zetu ni za seli 2, volti 7.4, na kontrola zetu za kasi tumeziweka katika hali ile ambayo taa hupepesa kuonyesha kwamba hakuna taimingi, yaani kutanguliza umeme kabla ya wakati wake, inayoongezwa na kontrola yenyewe. Tofauti ilikuwa kwenye kifuniko cha nyuma cha mota, ambacho mtu akilegeza skrubu zake anaweza kukizungusha kwa ncha za vidole. Mimi nilikuwa nimekizungusha hadi alama ya nyuzi 50, na yeye alikuwa amekiacha kwenye 35. Baada ya Jumapili ya tatu aliniambia kwa upole, “Mjomba, gari lako linakimbia, ila haliondoki.”

Maneno hayo yalieleza tatizo vizuri kuliko nilivyoweza kulieleza mimi.

Fundi yeyote aliyewahi kurekebisha taimingi ya injini ya petroli ya zamani kwa kuzungusha distribyuta ataelewa jambo hili upesi. Katika injini, cheche hupigwa kabla pistoni haijafika juu kabisa, kwa sababu moto unahitaji muda wa kuenea. Katika mota ya umeme kinachohitaji muda ni mkondo: koili hupinga mabadiliko ya mkondo, kwa hiyo umeme ukiwashwa hauingii wote papo hapo, na rota, yaani sehemu ya mota yenye sumaku inayozunguka, ikiwa na kasi kubwa huwa imekwisha kusogea kabla nguvu ya koili haijakamilika. Sensa zilizo kwenye kile kifuniko ndizo zinazoiambia kontrola sumaku ya rota imefika wapi. Ukizisogeza kinyume cha mwelekeo wa rota, zitaiona sumaku mapema zaidi, na kontrola itawasha koili inayofuata mapema pia. Ndiyo sababu gari lenye taimingi kubwa huwa zito likirudi nyuma, kwa maana kilichotangulizwa upande mmoja kimecheleweshwa upande wa pili.

Taimingi ikiongezwa, mota huzunguka kwa kasi zaidi kileleni, lakini kila ampea inayoingia huzaa nguvu pungufu ya kusukuma, na ampea zinazovutwa huongezeka. Ziada hiyo huishia kuwa joto. Uwanja wetu una kona nyingi za kubana, na sehemu yake iliyonyooka haifiki hata mita 30, kwa hiyo gari langu lilikuwa likifikia kasi yake nzuri wakati ambapo lilipaswa kuanza kupunguza mwendo.

Kosa langu kubwa, hata hivyo, lilikuwa kuongeza taimingi bila kugusa gia. Gia kubwa ya gari langu ina meno 96 na piniani, ile gia ndogo iliyo kwenye mota, ilikuwa na meno 48. Ukigawanya unapata 2, na ukizidisha kwa uwiano wa ndani wa gari, ambao ni 1.9, unapata 3.8, yaani mota huzunguka mara 3.8 ili gurudumu lizunguke mara moja. Uwiano huo ulifaa kwa taimingi ya 35. Kwa taimingi ya 50, mota ilihitaji kuachiwa izunguke zaidi, jambo linalotaka piniani ndogo. Nilipofunga ya meno 44 uwiano ulipanda hadi 4.15 hivi, na gari likaanza tena kutoka kwenye kona kama linavyopaswa.

Joto nalo lilikuwa limekwisha kunionya, ila sikulisikiliza. Baada ya dakika 5 za mbio, nikiwa bado na piniani ya 48, mota ilisoma nyuzi 91 za Selsiasi, nami hupenda isizidi 80, kwa kuwa sumaku za kawaida za neodimiamu huanza kudhoofika karibu na hapo, na iliyodhoofika kwa joto hairudii nguvu yake mota ikipoa. Usitumie vile vipimajoto vya paji la uso tulivyovizoea wakati wa korona, maana vingi vimetengenezwa kwa joto la mwili tu. Tafuta cha mafundi. Kampala nayo iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na ingawa mota ya umeme haipungukiwi nguvu kwa uhaba wa oksijeni kama injini ndogo za naitro, feni yake inasukuma hewa nyepesi, hivyo kupoa kwake si kuzuri kama kwa wenzetu wa Mombasa.

Siku hizi nasogeza kifuniko nyuzi 2 au 3 kwa wakati mmoja, nakimbia dakika 5, napima joto, na nikibadilisha piniani siigusi taimingi siku hiyo. Alama za kiwandani siziamini sana pia: mota mbili zilizo kwenye alama moja zinaweza kutofautiana kwa nyuzi kadhaa, kutegemea jinsi bodi ya sensa ilivyokaa, na anayetaka uhakika anahitaji mashine ya kupimia mota.

Kwa uwanja wetu nimetulia kwenye 40, na piniani ya meno 46. Jumapili iliyopita mota ilisoma nyuzi 74, na mpwa wangu alinishinda kwa urefu wa gari moja tu. Jioni hiyo alikuja kuniomba ile piniani ya 44.