Kila mtu na mzigo wake (Tafakari ya wiki: Hesabu 4 na 7)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii tukae kwenye sura ambayo wengi wetu tukiifikia kwenye ratiba ya kusoma Biblia tunairuka kimya kimya, Hesabu 4, ile ya Walawi (kabila la Israeli lililopewa kazi ya hema la ibada) na kuhamisha hema hilo. Majina, hesabu za watu, mbao, kamba, vigingi, mpaka unaona bora ukimbilie Zaburi. Ila mi naona humo kuna mambo mengi kwa sisi wenye watoto ndani, hasa kwenye hili suala la kazi za nyumbani ambalo kila wikiendi linaleta kelele, manake pale Mungu mwenyewe anagawa kazi na anaangalia kabisa nani anabeba nini.

Kwa kifupi hema lilifungwa na kusimamishwa kila wingu la Mungu lililowaongoza jangwani liliponyanyuka na kutua, na kazi ya kulihamisha ilikuwa ya koo tatu za Lawi. Wagershoni walipewa mapazia na vifuniko, Wamerari mbao na nguzo na vitako (misingi ya kusimamishia mbao), Wakohathi vyombo vitakatifu vya kubeba mabegani. Sasa nenda sura ya 7, viongozi wa Israeli wanaleta magari 6 na ng'ombe 12, na Musa hagawi sawa kwa sawa. Wagershoni magari 2 ng'ombe 4, Wamerari magari 4 ng'ombe 8, Wakohathi hawapati hata gari moja! Ingekuwa kikao cha familia zetu hapo watu wangenuna mpaka jioni. Lakini angalia mzigo wa Merari, Kutoka 38:27 inataja vitako 100 vya fedha, kila kimoja talanta nzima, na talanta ni kilo 30 na kitu, hapo hujaweka mbao ambazo kila moja urefu wake dhiraa 10. Ndo maana magari 4.

Kwa hiyo ukiwa na mtoto wa miaka 4 na mwingine wa miaka 11, wakilalamika "mbona yeye kafanya kidogo", usijitetee sana, waambie tu Musa naye hakugawa magari sawa. Wa miaka 2 au 3 anaweza kurudisha toi zake kwenye ndoo, kutupa karatasi kwenye pipa, kuleta kikombe chake mwenyewe. Wa 4 au 5 anapanga vijiko mezani, anamwagilia maua, anakunja taulo ndogo (itakunjwa vibaya, iache hivyo hivyo). Akifika 7, 8 anafagia, anaosha sahani zisizo za glasi, anaandaa begi lake la shule bila kukimbizwa. Wa 10 kwenda juu anafua soksi na nguo zake ndogo, anadeki, na akiwa kijana wa 12, 13 anaweza kupika ukiwepo jirani na kupiga pasi. Hiyo siyo sheria ya Musa lakini, kuna mtoto wa 6 anamzidi wa 9, wewe ndo unamjua wa kwako.

Kitu kilichonishika zaidi ni Hesabu 4 mstari wa 32. Kwa Wamerari Mungu anasema kila chombo watakachobeba kitajwe kwa jina, hadi vigingi na kamba. Yaani hakuishia kusema "nyie bebeni vile vizito vizito". Sasa sisi tunamwambia mtoto wa miaka 6 "kasafishe chumba", anaingia, anakaa katikati ya vurugu, anaokota kitabu, anaanza kukisoma, unarudi baada ya nusu saa unawaka. Mtoto hajakaidi jamani, hajui chumba safi kinaanzia wapi! Mwambie vitabu viende kwenye shelfu. Akimaliza mwambie nguo chafu ziende kwenye tenga. Wadogo ukiwapa maagizo matatu kwa pamoja wanabaki na moja, na mara nyingi ni la mwisho. Mzigo utajwe kwa jina.

Alafu kuna hili la umri. Hesabu 4 inasema Walawi waliohesabiwa kwa kazi hii ni wa miaka 30 mpaka 50, ila sura ya 8 mstari wa 24 inasema wanaingia wakiwa na 25. Watu wamejiuliza sana imekuwaje, na marabi wa Kiyahudi wa zamani walilijibu hivi, kwamba anaingia na 25 kujifunza na anashika kazi akiwa na 30. Miaka mitano ya kusimama pembeni ya wakubwa kabla hujaachiwa kitu mkononi! Na hao ni watu wazima wenye ndevu. Sisi tunamwonyesha mtoto kuosha sahani mara moja, tena kwa haraka huku tunaangalia simu, kesho yake tunamgombeza sahani zina mafuta. Fanya naye. Mara ya kwanza aone, zinazofuata mfanye pamoja, alafu afanye wewe ukiwa karibu tu, hapo ndo umwachie. Itachukua taimu kuliko ungefanya mwenyewe, ndio, na wiki za mwanzo utaona kama umejiongezea kazi, na kweli umejiongezea.

Na tafadhali ukishamwachia usirudie mbele yake. Kafagia, umeona kona ina vumbi, unachukua ufagio mkononi mwake unapitisha upya nyumba nzima huku unaguna. Wakolosai 3:21 inasema akina baba wasiwachokoze watoto wao wasije wakakata tamaa, na mi naamini akina mama tumo humo humo. Mtoto akifagiliwa upya kila siku anajifunza kwamba kazi yake ni ya kuigiza, na akifika 15 unauliza mbona hajitumi.

Upande wa hatari sijui kwa nini hatuuongei kanisani. Wakohathi walibeba vitu ambavyo wangevigusa vyenyewe wangekufa, Hesabu 4 mstari wa 15 uko wazi. Sasa Mungu hakuishia kuwaonya kwamba mkigusa shauri yenu. Aliagiza Haruni kuhani, kaka yake Musa, na wanawe watangulie, wafunike kila kitu, waweke miti ya kubebea, ndipo Wakohathi waitwe, na mstari wa 19 unasema ni Haruni na wanawe watakaomwekea kila mmoja kazi yake na mzigo wake, ili wasife. Aliyetoa kazi ndiye aliyebeba wajibu wa usalama. Kwa hiyo maji ya moto, jiko lililowaka, visu vikali, dawa za kuondoa madoa, dawa za hospitali, kumwogesha mtoto mchanga, hizo ni zako mpaka mtoto akue. Akiungua kwa sababu ulimtuma kuepua sufuria kubwa ana miaka 6, usiseme hakuwa makini.

Sasa naomba nikae kidogo kwa kifungua mimba, hasa wa kike. Kuna nyumba za waumini kabisa ambako binti wa miaka 12 ndo mama wa nyumba, anaamka kabla ya wote, anaandaa wadogo zake, akirudi shule anapika, anafua, usiku anabembeleza mtoto, homuweki anafanya akiwa amesinzia, na kaka yake wa miaka 14 amekaa kwenye kochi anaulizia chakula. Tunamsifia huyo binti kanisani eti mchapakazi. Mi naona amebeba vitako vya Merari bila gari hata moja. Na kwa wale wanaosema mwanaume hapiki, someni Mwanzo 25:29, Yakobo yule yule baba wa makabila 12 alikuwa jikoni anapika mwenyewe. Kuna nyakati mzazi ni mgonjwa au yuko peke yake na mkubwa lazima asaidie zaidi, hilo linaeleweka, lakini angalau alijue kwamba ni kwa muda na apate saa zake za kucheza na kusoma.

Huyo huyo Yakobo, kaka yake Esau alipomwambia twende pamoja, alimjibu kwamba watoto ni wororo, acha Esau atangulie, yeye ataenda polepole kwa mwendo wa watoto (Mwanzo 33:13-14). Mtu mwenye mali yote ile, na anapunguza spidi ya msafara mzima kwa ajili ya miguu midogo.

Kuhusu kuwalipa watoto hela kwa kazi za ndani, sina ugomvi na anayelipa, ila kazi za kila siku kama kutandika kitanda chako mwenyewe mi silipii. Na kazi isiwe adhabu. Kabla ya dhambi kuingia, Mwanzo 2:15, Adamu alishapewa bustani ailime na kuitunza. Ukimwambia mtoto "umekosa, kaoshe vyombo", kesho ukimwambia aoshe bila kosa atakuuliza amefanya nini.

Zoezi la wiki: kaeni na watoto jioni moja, muwasomee Hesabu 7:6-9, alafu muulizane nani ana mzigo gani humu ndani na nani anahitaji gari. Waacheni waseme wao kwanza. Mkisikia la binti mkubwa msikasirike.

Tuombe. Baba, tupe macho ya kuona uzito wa kila mtoto, na mikono yetu itulie wakifagia. Katika jina la Yesu, amina.