Jinsi jumuiya ya Jumamosi ilivyoingia hadi dukani kwangu

Ninauza vitambaa Kariakoo, ninaishi Mbagala. Jumamosi ndiyo siku ya kuuza: wenye harusi na kwaya zinazotafuta sare huanza kuzunguka mapema. Na Jumamosi hiyo hiyo, saa kumi na mbili unusu asubuhi, sisi Wakatoliki wa jumuiya moja, yaani familia za jirani tunaosali pamoja, huwa uani kwa mwanajumuiya fulani, kwenye mikeka na viti vya kuazima. Nililitatua hilo na jirani yangu wa duka, ambaye ni Mwislamu. Jumamosi ananifungulia duka, Ijumaa ninamshikia lake anapokwenda kuswali. Hatujawahi kuandikiana chochote.

Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walikubaliana mwaka 1976 kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe kipaumbele cha uchungaji, ili Kanisa liishi pale pale watu wanapopanga vyumba, wanapouguzana na kuzikana. Kwetu ilikuwa imebaki sala, somo, kisha michango. Sipingi michango, parokia haijengwi kwa maneno. Lakini niliona watu wakikwepa jumuiya kwa sababu tu hawana elfu mbili mfukoni, na hilo liliniuma sana.

Nilipochaguliwa katibu nilishikilia jambo moja. Wanaosali na kutafakari Biblia kwa njia ya hatua saba wanajua hatua ya sita: Neno hili linatutaka tufanye nini? Sisi tulikuwa tunaipita kwa kusema tuendelee kupendana. Nikaomba kila wiki tuandike tendo moja kwenye daftari, pamoja na jina la atakayelifanya, na Jumamosi inayofuata lisomwe kabla ya matangazo ya michango. Wazee walikataa. Walisema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kuume, na hoja hiyo ni nzito. Nikamfuata mwenyekiti nyumbani kwake, tukazungumza mpaka tukaelewana: daftari litaje kazi na mwenye zamu, lisitaje aliyesaidiwa wala kiasi.

Novemba 2023, tukijiandaa kwa Sherehe ya Kristo Mfalme, tulisoma Mathayo 25, pale Yesu anaposema nilikuwa mgonjwa mkaja kunitazama. Siku hizo kijana mmoja wa bodaboda wa mtaani kwetu alikuwa amelazwa Muhimbili, amevunjika mguu. Mtu akauliza kama naye ni wa jumuiya. Mama mmoja mjane akajibu kwamba Injili haikutaja jumuiya ya mgonjwa. Kijana alikuwa Mwislamu. Tukapanga zamu za kupeleka chakula na kufua nguo. Kutoka Kariakoo hadi Muhimbili si mbali, kwa hiyo mimi nikachukua jioni, baada ya kufunga duka. Mama yake alipofika kutoka Newala alifikia kwa yule mjane, akawa anaswali katika chumba chenye picha ya Moyo Mtakatifu ukutani, na asubuhi wote wawili wanapika uji wa mgonjwa. Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena daftari ni la nini.

Septemba 2025 zamu ikawa yangu. Somo la kwanza la Dominika lilikuwa Amosi 8, juu ya wafanyabiashara wanaopunguza kipimo na kudanganya kwa mizani. Tendo la wiki likawa kila mwenye biashara aseme jinsi anavyopima na anavyotoza. Kariakoo mteja huuliza mapema: bei ya risiti au bila risiti? Nikasema mbele ya wote kwamba kwangu bei ni moja, risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, imo ndani yake, na kitambaa ninakipima mteja akiwa ameshika upande wa pili. Ninaamini hiyo ni ibada kamili kama ile ya Jumapili. Wapo wateja wanaondoka wakisikia bei, na siku kama hizo ni ngumu, hasa kodi ya fremu ikikaribia. Wahasibu wa kwaya, ambao lazima wapeleke risiti kwenye kamati zao, hurudi na kuleta wenzao.

Kwa sasa tunahangaika na vijana. Wengi wako kazini Jumamosi asubuhi, na wengine wametoka zamu ya usiku. Tumeanza kukutana nao Jumapili jioni, kwa hatua zile zile saba, na wana daftari lao. Katibu wao ni binti fundi cherehani, naye amekataa katakata michango kutajwa kabla ya hatua ya sita.