Hamu ya Mama

Moshi, 27 Desemba

Nikiwa mtoto niliamini kwamba hamu ni chakula. Mama alikuwa mpishi katika nyumba ya daktari mgeni hapa Moshi, miaka ile ambayo hospitali ya KCMC ilikuwa bado mpya (ilifunguliwa 1971), na kila Krismasi ilipokaribia alituambia, "Tarehe 25 msinisubiri, nitakuwa napika hamu ya watu." Mimi na kaka zangu wawili tulibaki Machame kwa bibi tukihesabu siku. Tarehe 26 alipanda mlima na kikapu, na ndani ya kikapu, ndani ya gazeti, kulikuwa na mfupa wa nguruwe wenye nyama kidogo kwenye maungio. Bibi aliutia kwenye chungu cha maharage. Mfupa ule ulizunguka kwetu watatu, kila mmoja akiunyonya zamu yake, na mama akisema yeye ameshakula huko kazini. Shuleni mwalimu aliposema "hamu ya kusoma," mimi nilisikia harufu ya moshi na karafuu.

Hamu yenyewe, yaani ham ya Kiingereza, ni paja la nguruwe lililolazwa kwenye chumvi na kufukizwa moshi. Mama hapendi liitwe kitimoto. Kitimoto, anasema, ni ya kukaanga, na ndizi na pilipili, ina mahali pake; hii ni kazi nyingine. Sasa ana miaka 79 na anaishi kwangu tangu mguu ulipoanza kumsumbua. Mwezi wa kumi na moja tulikuwa barazani tunachambua mchele, akasema kwamba miaka yote aliyopika hamu hakuwahi kukatiwa kipande cha katikati. Alionja mchuzi kwenye kijiko, basi. Alilisema hilo kwa sauti ile ile anayoulizia ufagio uko wapi, akaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Usiku ule sikulala vizuri.

Tarehe 22 Desemba nilikwenda Arusha, kilomita 80, kwa sababu huko kuna wanaosindika nyama ya nguruwe. Kabla ya kuondoka nilipima mdomo wa chungu changu cha kupikia kwa kamba, nikaenda na kamba mfukoni, na muuzaji akalikata paja kwa msumeno kufuata kipimo changu: kilo 3, na mfupa wake. Nilimuuliza mara mbili kama limeshapikwa. Ndilo swali la kwanza kuuliza. Lililokwisha kupikwa linapashwa tu, na ukilipika usiku kucha linakauka kama kuni. Langu lilikuwa na chumvi na moshi lakini bichi, na bichi lazima liive hadi kwenye mfupa. Nyama ya nguruwe huku kwetu haina mzaha. Anayekula isiyoiva hupata tegu tumboni, na mayai ya tegu huyo yakiingia vinywani mwa watu, mabuu yake yanaweza kufika ubongoni na kuleta kifafa. Mama aliyajua haya kabla sijazaliwa, ndiyo maana hakuwahi kupika nguruwe kwa haraka.

Chungu ninachosema ni cha umeme, cha kupikia polepole. Ndugu yangu anayeishi Uingereza aliniletea, na kwa kuwa plagi zao na umeme wao ni kama wetu sikuhitaji kubadilisha kitu. Ni bakuli zito la udongo uliochomwa, limekaa ndani ya kasha lenye waya wa joto, na mfuniko wa kioo juu. Kinakula wati 200 hivi, kwa hiyo usiku mzima hautafuni hata uniti mbili. Nilisoma habari za aliyekibuni, Irving Naxon wa Chicago, aliyepewa hataza mwaka 1940. Wazo alilipata kwa mama yake, aliyemsimulia jinsi huko Lithuania chakula cha Sabato ya Wayahudi kilivyopelekwa kwenye tanuri la mwokaji mikate jioni, kikaiva usiku kucha kwa joto lililobaki baada ya moto kuzimwa. Nilipomweleza mama, alikigonga chungu kwa ukucha, akasikia ni udongo, akatikisa kichwa kukubali. Tangu hapo anakiita chungu cha kulala.

Usiku wa tarehe 23 nyama ililala ndani ya maji kwenye friji, na maji nikayabadilisha mara mbili ili chumvi ipungue. Usiruke hatua hii. Kwenye sufuria ya kawaida unaweza kumwaga maji ya kwanza, lakini chungu hiki kinafungwa na hakuna kinachotoka, kwa hiyo chumvi yote unayoingiza nayo utaila.

Tarehe 24, saa tatu usiku, nilitandika vitunguu chini, nikaweka nyama, ngozi juu, kikombe kimoja cha juisi ya nanasi na kipande cha tangawizi. Juisi niliichemsha kwanza. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachoyeyusha nyama, na chungu kinachopanda joto taratibu kingekipa saa nyingi za kuifanya nyama kuwa uji. Nikageuza kitasa kwenye joto la chini, nikaenda kulala.

Saa nane umeme ulikatika. Niliamshwa na ukimya wa friji, nikakimbilia jikoni na tochi ya simu, mkono tayari kwenye mfuniko.

"Usifunue!"

Mama alikuwa amesimama mlangoni, blanketi lake mkononi. Alikizungushia chungu, akakaza pembeni kama anavyofunika ndizi za pombe ya mbege, kisha akavuta kigoda akakaa. Alikuwa sahihi. Ukifunua hata mara moja joto linalotoka linachukua karibu nusu saa kurudi, na udongo ule mnene ukifungwa vizuri hupoa polepole sana. Tukakaa gizani. Akanisimulia jiko la chuma la kule kazini, la kuni, na jinsi usiku wa kuamkia Krismasi alivyokuwa akiamka saa tisa kuondoa kuni moja, kuongeza moja, akiyatazama maji. "Yapumue tu," alisema. "Yakitokota, nyama inakasirika, inakaza." Hakuna mtu aliyekuwa akikaa naye. Nilimuuliza kama alikuwa akiogopa, akasema hapana, alikuwa akiimba tenzi taratibu asiamshe watoto wa watu. Kisha akaimba, taratibu vile vile, na mimi nikafuata sauti ya pili kama tulivyozoea kanisani.

Umeme ulirudi baada ya dakika 40. Chungu changu kina kitasa cha kuzungusha, kwa hiyo kiliendelea chenyewe. Vingi vya vitufe na tarakimu husahau vilipofika. Nikakipa saa moja zaidi. Saa moja asubuhi sindano ya kipimajoto ilisoma nyuzi 78 karibu na mfupa, na hapo moyo wangu ukatulia.

Lakini nyama inayotoka kwenye chungu hiki imepauka. Imepikwa kwa mvuke, na mvuke haung'arishi kitu. Ngozi ilibanduka yenyewe, na mafuta yaliyo chini yake mama aliyachora kwa kisu michirizi ya kukatizana, bila kugusa nyama, akachomeka karafuu katika kila makutano. Mkono wake unaotetemeka akishika kikombe haukutetemeka hata kidogo. Mimi nilichemsha asali, sukari guru ya soko la Mbuyuni, haradali kijiko kimoja na maji ya ndimu, mpaka ikashika mgongo wa kijiko. Mchuzi wa kwenye chungu nilichota vijiko viwili tu, una chumvi mno.

Oveni sina. Tulifanya kama tunavyopalia wali: sufuria pana kwenye jiko la mkaa, makaa machache chini, mfuniko bapa wa bati, na makaa mengi juu yake. Hapo mama aliniondoa kwenye jiko. Alipaka asali, akafunika, akapalia, akasubiri, akafunua, akapaka tena, mara tatu. Sukari inatoka kwenye wekundu kwenda kwenye kuungua kwa muda wa kumwita mtoto mara moja tu, na hakuna saa itakayokusaidia. Unasikiliza na kunusa. Alipofunua mara ya mwisho nyama ilikuwa na rangi ya mbao ya mninga iliyopigwa vanishi, na karafuu zimesimama kama vichwa vya misumari.

Jirani yetu ni Mwislamu, na sahani yake ya sikukuu huwa haikosi. Pilau yake ya kuku niliipika tarehe 24 mchana, kwa sufuria za upande mwingine, nikaipeleka kabla paja halijatoka kwenye friji. Akanirudishia sahani na visheti. Tumekuwa hivi kwa miaka, na Krismasi bila visheti vyake naona ina pengo.

Baada ya ibada tulikaa mezani watu kumi na mmoja. Kaka zangu walikuwa wamefika kutoka Dar na watoto wao. Nilikata katikati, pale nyama inapokuwa pana na ya waridi, nikampelekea mama kwanza kabla ya wanaume na kabla ya watoto. Alikitazama kile kipande. Akakigeuza kwa uma. Akala bila kusema neno, akakimaliza, akasukuma sahani mbele kidogo. "Chumvi imekaa," alisema, na nikamkatia kingine.

Jioni, vyombo vikioshwa, aliuliza mfupa uko wapi.

Maharage aliyaloweka mwenyewe usiku ule. Asubuhi ya jana niliyatokotesha jikoni dakika 10 kwa moto mkali kabla ya kuyahamishia kwenye chungu cha kulala, maana maharage mekundu yana sumu isiyokufa kwa joto la chini. Tukatia mfupa, kitunguu, nyanya mbili. Chumvi hatukugusa. Ilipofika saa kumi na mbili jioni kaka mkubwa, mwenye mvi na wajukuu wake wawili, alisimama mlangoni mwa jikoni bila kuingia, akavuta pumzi. Akaniuliza kama kuna ndizi za kuchemsha. Zilikuwapo.

Nilishika upawa nianze kupakua, kaka mdogo akanyoosha bakuli lake kuuwahi mfupa kama zamani. Mama akauchukua upawa mkononi mwangu. Alijipakulia yeye kwanza, bakuli likajaa, akautafuta mfupa chini kabisa ya chungu, akauweka juu ya maharage yake, akaenda nao barazani.