Nauli ya Teksi kwa Aliyekushinda

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimekwama kwenye mstari mmoja tu, Warumi 12:15: "Furahini pamoja nao wafurahio, lieni pamoja nao waliao." Nusu ya pili hainipi shida. Msibani nafika mapema, nachota maji, nakesha na wafiwa, na machozi ninayolia ni yangu kweli. Iliyoninyima usingizi ni nusu ya kwanza. Jumatatu mwalimu mwenzangu, mdogo wangu kazini niliyempokea mwenyewe alipotoka chuoni, ameteuliwa kuwa mwalimu mkuu wa shule yetu. Wengi walidhani nafasi hiyo ni yangu, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuiombea. Barua iliposomwa ofisini nilipiga makofi pamoja na wenzangu. Mikono ilipiga, moyo haukupiga.

Nimeomba usiku, nimefunga, na bado asubuhi nikimwona anapita na funguo za ofisi kitu kinanichoma. Mithali 14:30 inasema husuda ni ubovu wa mifupa, na aliyeandika alijua anachosema, maana si jambo la mawazo tu. Mwili wenyewe unachoka.

Katika kuhangaika huko Roho Mtakatifu alinikumbusha habari ya dada mmoja wa Korea Kusini, Lee Sang-hwa. Simleti kwenu kama mhubiri. Namleta kwa sababu ya jambo alilolitenda baada ya kushindwa, ambalo sisi tunaolijua Neno tunalikwepa.

Lee alikuwa mwanamichezo wa mbio za kuteleza juu ya barafu. Wanavaa viatu vyenye chuma kirefu chembamba chini yake, wanatoka wawili wawili, kila mmoja kwenye njia yake, na anayeamua ni saa. Mbio zake zilikuwa za mita 500, ambazo kwa wanawake bora wa dunia ni sekunde 36 au 37 tu. Alizaliwa Seoul mwaka 1989. Kaka yake naye alikuwa akiteleza, lakini nyumbani hapakuwa na uwezo wa kuwagharimia wote wawili, kaka akaacha ili mdogo wake aendelee. Hilo peke yake lingetosha kwa tafakari nzima, ila leo napita.

Mwaka 2006 kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Turin alishika nafasi ya 5, akiwa na miaka 16 tu, kabla hata ya kufikisha 17. Mwaka 2010 huko Vancouver alichukua dhahabu. Zama hizo walikimbia mara mbili na muda ukajumlishwa, na alimzidi Mjerumani Jenny Wolf kwa sehemu 5 za mia za sekunde. Hakuna mwanamke wa Asia aliyekuwa ameshinda dhahabu ya Olimpiki katika mbio hizo kabla yake. Mwaka 2013 alivunja rekodi ya dunia mara nne, ya mwisho ikiwa sekunde 36.36 kule Salt Lake City, rekodi iliyokaa zaidi ya miaka 10. Mwaka 2014 Sochi, dhahabu tena. Kwao walimwita malkia wa barafu, na hakuna aliyebisha.

Nyuma yake miaka yote hiyo alikuwepo Mjapani, Nao Kodaira. Kwa umri Kodaira ndiye mkubwa, amemtangulia Lee kwa miaka 3, lakini kwenye matokeo alikuwa akisoma jina la mdogo wake juu ya la kwake. Vancouver alikuwa wa 12 katika mita 500. Sochi wa 5. Baada ya Sochi aliondoka kwao, akaenda Uholanzi kujifunza upya.

Ndipo ikaja Novemba 2014. Mashindano ya Kombe la Dunia la mchezo huo yanafanyika Seoul, nyumbani kwa Lee, mbele ya watu wake, miezi 9 tu baada ya dhahabu ya Sochi. Kodaira akashinda mita 500. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza wa Kombe la Dunia, na aliyebaki nyuma yake ni malkia mwenyewe. Kodaira alitakiwa kuwahi ndege ya kurudi Uholanzi, muda umembana. Lee akamwitia teksi ya kwenda uwanja wa ndege. Na nauli akalipa yeye.

Wapendwa, someni tena hapo. Ameshindwa kwao. Watu wake wamemwona. Angeweza kuingia chumba cha kubadilishia nguo akajifungia, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake anatoa pesa mfukoni ili aliyemshinda asichelewe safari yake. Anayeisimulia habari hii ni Kodaira mwenyewe, na aliisimulia miaka zaidi ya mitatu baadaye mbele ya waandishi wa habari, kwa kuwa hakuwa ameisahau. Alisema alijua kuwa matokeo yale yalimuumiza Lee, na ndiyo sababu wema ule ulimgusa.

Sasa fungueni 1 Samweli 18. Tumezoea kuhubiri upendo wa Yonathani na Daudi kama vile ulikuwa hisia nzuri tu. Mstari wa 4 unatupa orodha: Yonathani alivua joho lake akampa Daudi, na mavazi yake, hata na upanga wake, na upinde wake, na mshipi wake. Vitu vya kushikika! Huyu ni mwana wa mfalme, kiti ni chake kwa kuzaliwa, na kijana wa kuchunga kondoo ametokea, na muda si mrefu jina lake litaimbwa na wanawake wa miji yote. Yonathani hakungoja kwanza moyo utulie ndipo atoe. Alivua. Na baba yake, mfalme Sauli, nyumba ile ile, aliposikia wimbo wa wanawake hao, "Sauli amewaua elfu zake, na Daudi makumi elfu yake," yeye mkono wake ukashika mkuki. Daudi ni mmoja, mkono mmoja unampa joho na mwingine unamrushia mkuki. Baadaye Daudi akiwa mafichoni, Yonathani alimfuata msituni akamtia nguvu mkono wake katika Mungu, akamwambia, "wewe utakuwa mfalme juu ya Israeli, na mimi nitakuwa wa pili wako." Sura ya 23 hiyo. Ni mwenye haki ya kuwa wa kwanza ndiye anayeyatamka.

Hapa naomba niseme na kanisa langu, na niseme kwa upendo. Tuna roho ya kwa nini. Kwa nini yeye, kwa nini mtoto wake, kwa nini nyumba yake imeezekwa mwezi huu. Tunaivalisha nguo za kiroho ili isitambulike. Dada anasimama kushuhudia kwamba binti yake amechaguliwa kwenda chuo kikuu, tunaitikia "Amina" nyembamba, na nje ya mlango tunaulizana ada atatoa wapi. Ndugu anachaguliwa kuwa mzee wa kanisa, na yule aliyekosa kura haonekani tena kwenye maombi ya Ijumaa, anasema Mungu amempa huduma nyingine. Mwalimu mpya wa kwaya anakuja na nyimbo zake, wenye sauti za zamani wanapata mafua kila siku ya mazoezi. Na sala zetu! "Bwana, mnyenyekeze ndugu yetu, asije akajiinua." Hajajiinua popote. Ni sisi tunaotaka ashuke, tukamtuma Mungu kazi ambayo tuliona aibu kuifanya wenyewe. Acheni sala hizo. Zinanuka.

Nasema haya nikijihesabu miongoni mwenu, maana wiki hii nimeyaonja yote.

Nirudi kwa Lee. Mwaka 2018 Olimpiki ilifika nchini kwake, Pyeongchang, na mbio za barafu zilikuwa Gangneung. Nchi nzima ilisubiri dhahabu yake ya tatu mfululizo. Kumbe goti lilikuwa limeshamlemea kwa miaka, na Kodaira wa wakati huo hakuwa akishindika. Tarehe 18 Februari Kodaira alitangulia, akamaliza kwa sekunde 36.94, rekodi ya Olimpiki. Mashabiki wake wakalipuka kwa kelele. Akaweka kidole mdomoni, akawaomba wanyamaze, kwa sababu jozi inayofuata ilikuwa inakwenda kwenye mstari na Lee alikuwa ndani ya jozi hiyo. Lee aliondoka kwa kasi, mwanzo ule uliwainua watu vitini, lakini kona ya mwisho ikamyumbisha kidogo. Sekunde 37.33. Fedha.

Alilia huku anateleza taratibu na bendera ya nchi yake. Na Kodaira, akiwa na bendera yake mabegani, hakuendelea kuzunguka na ushindi wake. Alimngoja, akamkumbatia, akamwambia kwa Kikorea kwamba amefanya vizuri, na kwamba bado anamheshimu. Mkumbuke ni Mjapani na Mkorea. Japani iliitawala Korea kwa mabavu kuanzia 1910 hadi 1945, na majeraha ya miaka ile yanatajwa hadi leo kila nchi hizo zinapokutana uwanjani. Palepale bendera mbili ziligusana juu ya mabega ya wanawake wawili waliokuwa wameshindana karibu maisha yao yote.

Mimi naamini kumbatio lile lilianza 2014. Mtu hapandi mbegu siku ya kuvuna. Siku ya machozi yake Lee alikuta mtu tayari, kwa sababu siku ya ushindi wa mwenzake alikuwa mtu tayari.

Mei 2019 alistaafu, goti limekataa. Na mwaka 2022 kule Beijing, Kodaira aliposhuka kwenye barafu kutetea dhahabu yake, Lee alikuwa kibandani akitangaza mbio hizo kwa ajili ya televisheni ya KBS. Kodaira alimaliza wa 17. Mtangazaji akalia hewani. Angeweza kuhesabu, hata kwa siri, kwamba dhahabu zake mwenyewe ni mbili na ya mwenzake ni moja. Alilia. Kwa hiyo Warumi 12:15 mnaiona yote kwa hao wawili, kila mmoja amefanya nusu zote mbili, kwa zamu.

Mpendwa unayesoma haya na kuna jina linalokuchoma: usiishie kuomba uondolewe husuda. Nimeliomba hilo kwa machozi na naendelea kuliomba, lakini nimejifunza kwamba husuda haimvumilii mtu anayetoa. Tafuta teksi ya kulipa. Aliyepata kazi uliyoitaka, mwonyeshe njia za ofisi hiyo unazozijua. Aliyechukua nafasi yako kwenye kwaya, fika mazoezini kwa wakati, ukae safu ya kwanza, uimbe. Mwenye harusi wakati wewe bado unangoja, shika jiko lake siku hiyo. Fanya moyo ukiwa bado unauma, usingoje upone. Yohana Mbatizaji aliposema "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua," wanafunzi wake walikuwa wamemwendea kulalamika kuwa watu wote wanahamia kwa Yesu. Hakusema akiwa mahali pa starehe.

Alhamisi nilibeba daftari zangu za taaluma za miaka yote, ratiba, kumbukumbu za vikao vya wazazi, na majina ya watoto wanaokuja shule bila kula, nikampelekea mwalimu mkuu wetu mpya. Nilikaa naye hadi jioni tukizipitia. Nilipoingia nilikuwa na kitu kifuani. Nilipotoka kilikuwepo bado, ila kimepungua, na kesho yake nilimwita "Mkuu" mbele ya walimu na sauti haikunikwama. Mungu apewe sifa.

Kwenye jumuiya wiki ijayo tutasoma 1 Samweli 18 hadi 20. Njooni na Biblia zenu, na kila mmoja aje na jina moja la mtu wa kumbariki, tutawaombea hao kwa majina, wazidi na kuzidi. Mama wa nyumba ya kwanza karibu na kisima ndiye mwenyeji wetu, saa kumi na moja jioni.